Umevaa wewe, anasikia jirani!

Leo sina habari za nani kaachana na nani. Nina kasheshe yangu mwenyewe, tena ilibaki kidogo tu initoe kwenye chumba.

Mimi ni mpangaji, Sinza. Nyumba yenyewe unaijua hata kama hujawahi kufika: vyumba sita, koridoo katikati, choo uani, na kuta ambazo fundi alizichoka kabla hazijagusa bati. Silingibodi hakuna. Mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha nne anamjibu "afya!"

Chumba kinachogusana na changu anakaa dada mmoja nesi. Zamu zake nyingi ni za usiku. Saa mbili asubuhi anarudi, anaoga, anajifungia alale. Mimi naye kazi yangu hii ya kalamu naifanyia chumbani, na bila muziki sentensi hazitoki. Spika nilishaiuza zamani, baada ya mama mwenye nyumba kunisema mara mbili mbele ya wapangaji wote. Nikaona yaishe, nikaenda Kariakoo nikanunua hedifoni za mtumba, elfu arobaini na tano. Kubwa, zinafunika sikio zima, na nyuma zina wavu wa chuma unaong'aa kama grili ya gari la kizamani. Nikijitazama kwenye kioo najiona mtangazaji kabisa.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, saa nane mchana, mlango ukagongwa. Kufungua, dada nesi huyo, kajifunga kanga, macho mekundu.

"Kaka, nakuomba. Huo muziki."

"Dada yangu, muziki gani tena? Si unaona nimevaa hedifoni?"

"Naziona. Na ule wimbo uliourudia mara nne nimeshaukariri."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile, wodini, alisoma karatasi ya dawa ya mgonjwa mara tatu kabla ya kumpa, kwa sababu kichwa chake alikuwa hakiamini tena. Siku ya tano hiyo, hajalala saa tatu mfululizo. Akaomba kitu kimoja tu: mdogo wangu azivae zile hedifoni, aweke sauti ileile ninayoweka mimi, halafu mimi niende nikasimame chumbani kwake.

Nikaenda, mlango tukauacha wazi. Bwana wee! Mdundo ulikuwa hausikiki sana, lakini ile "tsi-tsi-tsi" ya juu na sauti ya mwimbaji vilikuwa vinapita juu ya ukuta kama vimelipiwa nauli. Maneno niliyasikia yote. Nikarudi kwangu kichwa chini.

Jioni mama mwenye nyumba naye akaniita. Nani alimpelekea habari sijui, kwenye nyumba ya vyumba sita hilo si swali. Akasema: "Kijana, mimi sigombani na mtu. Mwisho wa mwezi nikisikia tena habari hii, tafuta pa kwenda." Na kodi ya miezi sita nilikuwa nimeshamlipa!

Basi usiku ule sikulala. Nikaanza kuuliza mafundi na washikaji wa studio, na nilichojifunza ndicho ninachokuletea leo, maana najua wengi mnaosoma hapa mnaishi kama mimi, chumba kwa chumba, kitanda kwa kitanda, bwenini au kwa shemeji sebuleni.

Kosa langu lilikuwa ule wavu wa chuma. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna spika ndogo yenye kiwambo chembamba kinachotikisika. Kikitikisika kinasukuma hewa pande mbili, mbele kwenye sikio lako na nyuma kwenye mgongo wa kikombe. Sasa kuna hedifoni ambazo mgongo wake umeachwa wazi kwa makusudi, sauti ya nyuma itoke ikazurure. Hizo ndizo nilizonunua. Na kuna zile ambazo mgongo wake umezibwa kwa plastiki, chuma au mbao. Kwenye boksi zile zangu huandikwa "open-back", na hizi za kuziba huandikwa "closed-back". Maneno mawili tu hayo, lakini kwangu yalikuwa na thamani ya kodi ya miezi sita.

Usidhani zile za wazi ni mbovu. Hapana. Wapenzi wa muziki wanazihusudu, maana sauti yake ina nafasi, haikukai katikati ya ubongo, na sikio halitoki jasho. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza za namna hiyo mwaka 1968, zikiitwa HD 414, zenye sponji za njano. Lakini zile ni za mtu mwenye nyumba yake, tena aliyekaa peke yake. Kwa mpangaji ni sawa na kupiga redio kwa adabu.

Na hili tatizo la kusikiliza karibu na watu halijaanza na mimi. Walkman ya kwanza ya Sony, ile ya mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili wawili wasikilize pamoja. Tena ilikuwa na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza muziki unashuka na mnaongea kupitia maikrofoni bila kuvua kitu. Mkubwa wa Sony, Akio Morita, alieleza mwenyewe kwamba alipokuwa akijaribu kifaa kile nyumbani mkewe alikasirika kwa kujiona katengwa, ndipo akaagiza liwekwe tundu la pili. Matoleo yaliyofuata, kitufe kikaondolewa. Inaonekana watu walishaamua kutengana.

Haya, tuje kwenye kununua.

Kwanza, usinunue kwa macho kama mimi. Geuza kikombe utazame mgongo wake. Ukiona wavu au mistari ya matundu mengi, iache, hata kama inang'aa vipi. Ila vitundu kimoja viwili vidogo sana si kitu, hata zilizozibwa nyingine zinavyo vya kupumulia, besi itoke vizuri. Zipo pia za katikati, nusu wazi nusu zimezibwa, muuzaji atakwambia "hizi zina yote mawili, braza". Kwa nyumba ya kupanga, kataa.

Pili, na hapa ndipo penye siri yenyewe: mgongo kuzibwa hakutoshi. Kinachozuia sauti isitoke, na kelele za nje zisiingie, ni ule mto unaokaa kwenye ngozi yako. Ukiacha upenyo hata wa njiti ya kibiriti, besi inakimbia na sauti inavuja. Sasa jitazame. Umevaa miwani? Mkono wa miwani unainua mto. Una rasta, umesuka nywele nene, umevaa hijabu? Hivyo hivyo. Si kwamba zisikufae, ila lazima ujaribu ukiwa na hali yako ya kila siku, si uvue miwani dukani halafu ukirudi nyumbani ushangae.

Kipimo chake hiki hapa, hakina gharama. Weka wimbo wenye besi, zivae, kisha zikandamize taratibu kwa viganja vya mikono. Kama besi inaongezeka ghafla, ujue kichwa chako na hizo hedifoni hazijakubaliana. Kama haibadiliki sana, zimekaa. Halafu zima muziki, mwambie muuzaji aongee. Iliyoziba vizuri inamfanya asikike kama yuko chumba cha pili. Mwisho, mvalishe mwenzako uliyekwenda naye, aweke sauti unayoipenda wewe, usimame hatua moja kutoka kwake. Lakini Kariakoo kuna kelele, msomaji. Ingieni ndani ya duka au ngazini, vinginevyo utasikia wapiga debe tu na kusema hazivuji.

Muuzaji akikunja uso kwa kujaribiwa mali yake, nenda duka la pili. Maduka yapo mengi.

Mto wenyewe una aina mbili kubwa. Kuna wa ngozi bandia, laini na unaoteleza, na kuna wa kitambaa chenye manyoya mafupi. Ngozi bandia inaziba vizuri zaidi. Ila kwa joto letu la Dar, mwezi wa kwanza, ukiivaa saa moja sikio limeloa, na baada ya mwaka au miwili inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyokuganda shingoni kama masizi. Kitambaa kinapumua, lakini kinavujisha. Ushauri wangu, chukua ngozi bandia, ifute jasho kila ukimaliza, na kabla ya kulipa uliza kama mito ya kubadilisha inapatikana. Hedifoni ambayo mito yake haibadiliki ni ya kutupa, hata iwe ya bei gani.

Halafu kuna zinazozunguka sikio zima na zinazokaa juu ya sikio. Za juu ya sikio kwa kawaida zinavuja zaidi, maana sikio si sahani, lina mabonde. Kuna moja inayojulikana kwa kuvunja kanuni hii, Sennheiser HD 25, ambayo madijei wameipenda tangu miaka ya mwishoni mwa 1980 kwa sababu inabana kweli kweli. Inabana mpaka kichwa kinakumbuka.

Ukiwasikia washikaji wa studio utasikia majina mengine pia. Sony MDR-7506, iliyotoka 1991 na bado inauzwa. Audio-Technica ATH-M50x ya 2014. Beyerdynamic DT 770 Pro ya Wajerumani. Zote zimezibwa, na sababu yake ni ya kikazi: msanii anaporekodi sauti mbele ya maikrofoni, mdundo ukivuja kwenye hedifoni unaingia kwenye rekodi, na fundi hawezi tena kuutoa. Kwa hiyo ukitaka kujua ipi haivuji, muulize anayerekodi watu. Kuna Sennheiser HD 280 Pro ambayo watengenezaji wake wanasema inapunguza kelele za nje hadi desibeli 32. Namba hiyo ina maana gani? Kila zikipungua desibeli 10, sikio la kawaida huhisi sauti imeshuka kama nusu. Kwa hiyo desibeli 30 ni nusu ya nusu ya nusu. Lakini "hadi" ni neno la kutazama kwa jicho moja. Sauti nyembamba zinazuilika kirahisi, besi ni mkaidi. Ngoma ya harusi ya mtaa wa pili utaisikia tu.

Tahadhari, majina haya yote yana feki zake, tena zimefungwa vizuri kuliko orijino. Bei ikikufurahisha sana, hesabu tena.

Kabla hujafungua pochi tazama na namba ya omu. DT 770 Pro kwa mfano zipo za omu 32, 80 na 250. Ya 250 ukiichomeka kwenye simu utasikia muziki kama unapigwa Kigamboni na wewe uko Feri, inataka amplifaya. Kwa simu chukua zilizo kwenye 32 au karibu na hapo. Na hakikisha simu yako ina tundu. Tangu Apple waondoe tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, simu nyingi zimefuata, na wewe utahitaji kiunganishi kidogo cha kuchomeka sehemu ya chaji. Au ununue za Bluetooth, ambazo hazina waya wa kunasa kwenye kitasa cha mlango, ila chaji ikiisha katikati ya kazi ndiyo basi.

Sasa kuna hizi zinazotangazwa kila mahali, zenye kufuta kelele kwa umeme. Zina maikrofoni zinazosikiliza kelele ya nje, kisha zinatengeneza wimbi la kinyume chake, mawili yanauana. Bose walitoa za kwao kwa watu wa kawaida mwaka 2000, wakaziita QuietComfort. Ni nzuri, sibishi, hasa kwa mngurumo usiobadilika: injini ya basi la Mwanza, jenereta, feni. Kwa mtoto anayelia au majirani wanaogombana zinapunguza kiasi tu, hapo mto mnene ndio unaofanya kazi. Lakini sikiliza vizuri, maana hapa watu wengi wanaibiwa kwa kutokuelewa: umeme ule unafuta kelele inayokuja kwako, haufuti yako inayokwenda kwa jirani. Dada nesi hawezi kufaidika na betri yako. Atafaidika kwa sababu wewe, kelele zikipungua, utashusha sauti.

Na kushusha sauti ndilo jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki bila kujihatarisha. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatika nusu, saa 20. Ukifika 90, ni kama saa nne kwa wiki nzima! Ukiwa ndani ya daladala na hedifoni zinazopitisha kelele, unapandisha sauti ili uishinde injini, konda na redio ya dereva kwa pamoja. Hapo zile saa nne unazimaliza Jumatatu na Jumanne, kwenda na kurudi. Masikio yakishaanza kupiga "ngiii" usiku, usiseme ni mbu.

Kama mfuko hauruhusu haya yote, sikufichi: zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio zenye vifuniko vya mpira laini, ukipata saizi ya sikio lako, zinaziba vizuri sana na zinavuja kidogo mno kuliko hedifoni kubwa nyingi za bei poa. Hazikufanyi uonekane mtangazaji, basi. Mimi nilizikataa kwa sababu masikio yangu yanauma baada ya nusu saa. Na majivuno, kidogo.

Nilichofanya, yale ya wavu nikamuuzia jamaa mmoja wa Mbezi mwenye nyumba peke yake shambani, kwa elfu thelathini. Nikaongeza, nikanunua za kuziba, mpya, mito ya ngozi bandia, waya mrefu. Siku ya kwanza zilinibana mpaka taya, nikazivalisha rundo la vitabu usiku kucha, zikalegea. Zilegeze kidogo tu lakini, ukizidisha zinaanza kuvuja na umerudi ulikotoka.

Jumamosi dada nesi alikuwa mapumzikoni. Nikamwomba awe hakimu. Akaingia kwake, mimi nikaweka wimbo uleule aliokuwa ameukariri, kwa sauti ya kawaida yangu. Wimbo ukapita wote. Nikavua, nikatoka koridoni.

"Umeanza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Akatazamana na mdogo wangu, wote wakacheka, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni kama hasikilizi, akasema "haya, yameisha", akaendelea na mchele wake.

Dada nesi akataka na yeye za namna hiyo, azivae bila muziki, alale, maana mbali na mimi kuna fundi wa kuchomelea nyuma ya uzio. Nikamwambia ukweli: kulala ubavu na vikombe vile ni adhabu. Tukamtafutia vizibo vya sponji vya masikio, vile vinavyouzwa kwa watu wa viwandani, bei ya soda mbili. Unavifinya, unaviingiza, vinajitanua vyenyewe. Analala mpaka saa tisa, na amenunua pakiti ya pili.

Ila kuna gharama moja ambayo muuzaji hakunitajia. Barabarani sizivai tena, baada ya bodaboda kunipita kwa nyuma karibu animeze, dereva anasema kapiga honi mara tatu. Na nyumbani sasa mtu akiniita siitiki. Juzi maji ya bomba yalitoka baada ya siku nne. Dada nesi alikuwa macho, akanigongea ukuta mpaka mkono ukamuuma. Sikusikia. Nilipovua hedifoni saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yameshakata, na ndoo zangu mbili ziko mlangoni, zimejaa, zimefunikwa na sinia lake.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.